Spika ya Kushoto

Mpenzi wa sinema katika nyumba ile alikuwa mke, si mume. Mke alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, na kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kengele ya kutoka ikilia tu, alikuwa ameshajipaka poda na kuongozana na walimu wenzake hadi kwenye jumba la sinema. Mumewe naye alikuwa akienda zamani. Kisha akaacha. Alisema waigizaji wa siku hizi wanatafuna maneno, na kwamba yeye hana muda wa kukaa saa mbili akitazama midomo inayochezacheza.

Mume huyo watu walimwita Fundi Randa. Miaka ishirini na minane alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kurandia mbao katika karakana ya makochi, akiingiza mbao mbichi zenye miba upande huu na kuzipokea upande wa pili zikiwa laini kama shavu la mtoto. Hata akitoka kuoga alinukia mbao. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mingi, na kama kuna kitu kimevunjika nyumbani, hakikulala kimevunjika.

Mwaka huo kilichovunjika kilikuwa mguu wa Mwalimu. Aliteleza kwenye ngazi za shule akiwa amekumbatia madaftari ya watoto arobaini, akaanguka nayo hadi chini. Daktari akamfunga plasta kutoka kwenye unyayo mpaka juu ya goti, akamwambia miezi mitatu hakuna shule, hakuna ngazi, hakuna mizunguko.

Wiki ya tatu Fundi Randa alirudi kutoka kazini akamkuta mkewe amekaa dirishani, mguu juu ya stuli.

"Leo nimehesabu magari meupe mia moja na kumi na mawili," Mwalimu akasema.

"Ya nini?"

"Ili nisilie."

Fundi Randa alivua viatu, akaenda moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, kile kilichokuwa cha watoto wao kabla hawajakua na kwenda kufanya kazi mbali. Siku hizi kilikuwa ghala la viti vibovu na magunia ya vipande vya sponji. Alisimama mlangoni, akakipima kwa macho kama anavyopima kochi la mteja. Kama Mwalimu hawezi kwenda sinema, basi sinema itakuja humu humu ndani.

Alilivalia njuga jambo hilo. Kulikuwa na mteja wake mmoja aliyekuwa anahama, na katika vitu ambavyo hakutaka kuvibeba kulikuwa na projekta, amplifaya nyeusi nzito kama mfuko wa saruji, spika tano na sanduku kubwa la besi. Wakakubaliana kwamba Fundi Randa amvishie makochi yake vitambaa vipya kabla ya safari, naye auchukue mzigo wote. Makochi yakavishwa kwa siku nne. Mzigo ukaja kwa mkokoteni, umefungwa kwa mablanketi kama mgonjwa.

Kazi ya mikono haikumshinda. Alichukua plaiwudi pana, akaipiga msasa, akaipaka rangi nyeupe isiyong'aa, na kuizungushia fremu ya kitambaa cheusi, skrini ikapatikana. Projekta akaitundika darini kwa vyuma alivyovikunja mwenyewe. Nyuma ya amplifaya kulikuwa na matundu mekundu na meusi, jozi tano, kila jozi na jina lake, akazifuata moja moja: spika ya mbele kushoto, ya katikati, ya mbele kulia, na mbili za nyuma. Nyaya akazipitisha ukingoni mwa sakafu na kuzibana kwa stepla, nadhifu, hata mende asingejikwaa.

Kisha akakaa katikati ya chumba, akawasha. Mtangazaji mmoja akaanza kusoma habari. Kulia, sauti safi. Kushoto, kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi.

Fundi Randa akachukua rimoti, akaiongeza ya kushoto. Akaiongeza tena. Akaendelea kuiongeza mpaka pande mbili zikalingana masikioni mwake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Jumamosi mchana akambeba mkewe mgongoni hadi kwenye kochi la chumba cha nyuma. Mapazia mazito yalikuwa yamefungwa. Mwalimu alipoiona skrini, alishika mdomo kwa mikono miwili. Fundi Randa alijisikia kama amejenga ghorofa.

Lakini filamu haijafika mbali, akamwona mkewe anaziba sikio la kushoto kwa kiganja.

"Vipi?"

"Hii spika ya huku inanipigia makelele."

"Ipi?"

"Ya kushoto, mume wangu. Watu wote wako kushoto. Huyu mwanamke yuko kulia pale, namwona, lakini akiongea anaongelea kushoto."

"Nimezipima mwenyewe," Fundi Randa akasema. "Ziko sawa."

"Basi labda ni mimi," Mwalimu akasema, akaitazama hadi mwisho, kiganja sikioni. Jioni akaomba dawa ya kichwa.

Lile la "labda ni mimi" lilimchoma Fundi Randa. Anamjua mkewe, akisema hivyo maana yake si yeye. Akaamua kwamba spika ile ya kushoto ni mbovu, inanguruma bila kutoa maneno, na kwamba mteja wake amemwuzia mbuzi kwenye gunia. Akaifungua, akaikagua sponji na sumaku. Hakuona kasoro. Akaibeba amplifaya hadi kwa fundi wa redio, ambaye aliipima kila tundu na kumrudishia siku ya pili.

"Nzima kabisa," yule fundi akasema. "Shida iko kwako nyumbani."

Fundi Randa aliporudi alikagua nyaya zote za nyumba.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, Mwalimu amelala, aliingia chumba cha nyuma akajifungia. Akamwasha tena mtangazaji wa habari, akarudisha sauti zote kwenye kiwango kimoja. Akaihamisha spika ya kushoto akaiweka kulia, na ya kulia akaiweka kushoto. Ile aliyoishtaki kuwa mbovu ikaimba vizuri sana. Ile nzima sasa ndiyo ikawa na blanketi. Akabadilisha nyaya. Kushoto bado blanketi. Alikuwa amekalia kiti cha ofisini cha mteja, kile cha kuzunguka, ambacho alikuwa amekileta kukishonea mgongo. Bisibisi ikamdondoka ikaangukia nyuma. Akazunguka na kiti ili aiokote, mgongo ukaelekea skrini, na mtangazaji bado anasoma.

Spika ya kushoto ikawa safi kama kioo. Ya kulia ikaingia chini ya blanketi.

Akabaki ameinama, bisibisi mkononi. Akazunguka tena kuelekea mbele, na kushoto kukafa. Akarudi nyuma, kulia kukafa. Halafu, polepole, kama mtu anayegusa jino linalouma, akaziba sikio lake la kulia kwa kidole.

Mtangazaji akazama. Kilichobaki kilikuwa mvumo wa mbali, kama randa inayozungushwa nyumba ya tatu.

Mambo yakaanza kumrudia moja baada ya jingine, na kila moja sasa lilikuwa na sura mpya. Dereva wa bodaboda aliyemtukana kwa nini hasikii honi. Simu aliyoisikiliza siku zote kwa sikio lile lile moja bila kujiuliza kwa nini. Waigizaji wanaotafuna maneno. Na Gundi. Gundi alikuwa mwenzake wa miaka kumi na mitano karakanani, bingwa wa kuunganisha mbao, na meza yake ilikuwa kushoto kwa mashine ya randa. Miezi miwili iliyopita Fundi Randa aliona kwamba Gundi hamjibu tena asubuhi. Naye akanuna. Akasema moyoni, kama ni hivyo, basi. Tangu siku hiyo walipeana vifaa bila kutazamana.

Hakumwambia mtu. Aliona haya, kama vile amekamatwa akiiba. Mtu wa kazi za mikono anaweza kupoteza nusu ya kidole na kuionyesha kwa majigambo, lakini sikio? Sikio ni la wazee. Yeye ana miaka hamsini na moja.

Alichofanya ni kumwita shemeji yake, mdogo wa Mwalimu, ambaye kazi yake ilikuwa kufunga vyombo vya muziki katika ukumbi wa sherehe. Akamwambia tu kwamba dada yake halalamiki bure, aje asikilize. Shemeji akaja na kifaa chake kidogo cha kupimia sauti, akakaa kwenye kochi, akaijaribu kila spika kwa zamu.

"Shemeji," akasema, "zile namba ulizoniambia ulikuwa umeziweka Jumamosi ile, ulikuwa unampiga dada yangu makofi ya sikio. Wazazi wakisikia watadai waitishe kikao."

"Punguza maneno, panga sauti," Fundi Randa akasema, lakini aliangalia pembeni.

Sauti ikapangwa. Shemeji alipoondoka, mume na mke wakakaa kutazama filamu ya pili. Safari hii Mwalimu hakuziba sikio. Aliegemea, macho yanang'aa, mara anacheka, mara anashika shavu. Fundi Randa alisikia muziki, alisikia milango na magari, lakini maneno yalimpita kama samaki kwenye maji machafu. Anaona mkia tu. Basi akabuni njia. Akawa anamtazama mkewe kwa pembe ya jicho. Mkewe akitabasamu, anatabasamu. Mkewe akitikisa kichwa, anatikisa.

Ikafika mahali mwanamume kwenye skrini ameketi kitandani kwa mama yake, mama anamwambia kitu, mdomo umepinda. Mwalimu akatoa pumzi kwa nguvu puani. Fundi Randa akadhani ni kicheko. Akacheka kwa sauti, akajipiga pajani.

Mwalimu akachukua rimoti akasimamisha picha.

"Umecheka nini?"

"Si hicho alichosema mama."

"Mama amesema nini?"

Fundi Randa akatazama skrini. Yule mama alikuwa amegandishwa, mdomo wazi.

"Amesema anakufa," Mwalimu akasema taratibu. "Amemwambia mwanawe asimpigie simu dada yake mpaka mazishi yaishe."

Fundi Randa alikwaruza gundi kavu iliyoganda kwenye kucha.

"Sisikii," akasema hatimaye. "Sikio la kushoto limekufa. Na hili jingine nalo sijui."

"Tangu lini?"

"Sijui. Nimegundua Jumapili ile uliyolala."

"Mimi nimegundua mwaka wa nne sasa," Mwalimu akasema.

Fundi Randa akageuka mwili mzima. "Miaka minne! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Mara mbili."

"Lini?"

"Nilikuwa upande wa kushoto."

Wakatazamana. Ndipo Mwalimu akaangua kicheko, cha kweli safari hii, naye Fundi Randa akashindwa kujizuia, wakacheka mpaka plasta ikagonga stuli na Mwalimu akapiga yowe la maumivu. Walipotulia, akamshika mumewe mkono. Alimweleza kwamba mwanzoni alidhani anadharauliwa. Akaja akaona kwamba akitembea kulia kwake anajibiwa, na akitembea kushoto hajibiwi. Basi akaanza kutembea kulia. Kitandani pia wakabadilishana upande, naye akasingizia upepo wa dirishani.

"Nilitaka ulione mwenyewe," akasema. "Wewe ukiambiwa kitu na mtu, unakikataa kwanza mwezi mzima."

Hilo lilikuwa kweli, na Fundi Randa hakulipinga.

Wiki iliyofuata alikwenda kliniki ya masikio. Mpimaji alikuwa dada mmoja mchangamfu aliyemwangalia kwanza ndani ya masikio kwa kurunzi ndogo, kisha akamketisha kwenye kijumba chenye kuta za sponji na kumvisha vipokea sauti. Kila akisikia mlio abonyeze kitufe. Kuna wakati alikaa muda mrefu bila kubonyeza, akaona kupitia kioo kwamba yule dada bado anachezesha mkono kwenye mashine yake, na akaelewa kwamba milio ipo, ila si kwake.

Dada akaingia kijumbani, akamwonyesha karatasi yenye mistari miwili inayoshuka, kila sikio na wake. Akamwuliza kazi yake. Alipoambiwa, akauliza anaposimama kwenye mashine, kisu cha randa kinakuwa upande gani.

"Kushoto," Fundi Randa akasema.

"Na unavaa nini masikioni?"

"Vumbi."

Dada akatabasamu, lakini hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kilichokwenda hakirudi, akamwambia. Daktari angemwona pia, kuhakikisha hakuna jambo jingine upande ule wa kushoto. Vifaa vya kumsaidia vingechukua wiki kadhaa kufika. Tena akamweleza kitu ambacho kilimkaa kichwani: mtu kama yeye hapungukiwi kelele, anapungukiwa maneno. Sauti zile nyembamba za *s* na *f* na *t* ndizo zinazopotea kwanza. Akiongeza sauti, anaongeza kelele tu. Na chumba chenye mwangwi kinamla maneno hata yale machache yaliyobaki.

"Chumba chenye mwangwi," Fundi Randa akarudia. "Kama hiki chako?"

"Hiki hakina. Piga makofi usikie."

Akapiga. Kofi likafa papo hapo, kama limeangukia godoro. Fundi Randa akanyoosha mkono, akaminya ukuta kwa vidole vya fundi. Sponji nene, kitambaa kinachopitisha hewa, fremu ya mbao nyuma. Alikuwa ameshona vitu vya namna ile maisha yake yote na kuviita migongo ya makochi.

Jumatatu alifika karakanani mapema. Gundi alikuwa anakoroga gundi yake kwenye kopo. Fundi Randa alizunguka meza, akamsogelea kwa upande wake wa kulia.

"Ndugu yangu, umeniamkia asubuhi miezi hii miwili?"

Gundi alimtazama kama anayeulizwa jina la mama yake. "Kila siku. Mpaka mwezi uliopita, nikaacha. Nikasema jamaa amekuwa mkubwa."

Fundi Randa akamweleza yote, tangu spika mpaka karatasi ya mistari, na zile kuta za sponji anazotaka kuziiga nyumbani kwa fremu za mbao. Gundi aliacha kukoroga. Gundi ikaanza kuganda kwenye kopo, naye ni mtu ambaye hajawahi kuiacha gundi igande.

"Mimi nimekulaani, ujue," akasema mwishowe. "Nyumbani, mbele ya watoto."

"Nami nimekulaani."

"Basi tumetoka sare." Akafuta mikono kwenye aproni. "Hizo fremu unataka ngapi?"

Walitengeneza nane. Gundi aliziunganisha bila msumari hata mmoja, Fundi Randa akazijaza sponji nzito na kuzivisha kitambaa cha rangi ya kahawia iliyokolea. Shemeji ndiye aliyewafundisha pa kuzitundika. Alimketisha dada yake kwenye kochi, akampa Fundi Randa kioo cha kunyolea akipitishe ukutani.

"Dada, ukiiona spika ndani ya kioo, sema."

"Naiona!"

Hapo wakachora kwa chaki. "Sauti nayo inagonga hapo hapo na kukurudia," shemeji akasema. Fremu zikatundikwa kwenye alama za chaki, zulia likatandikwa sakafuni, na spika ya katikati, ile ambayo ndiyo hubeba maneno ya waigizaji na ambayo Fundi Randa alikuwa ameisukumia chini ya meza isionekane, ikapandishwa hadi usawa wa masikio ya mtu aliyeketi.

Likabaki lile sanduku la besi, lililokuwa likiguguma kama tumbo la ng'ombe. Shemeji akasema liwekwe juu ya kochi anapoketi mtu, kisha mtu atambae chumba kizima asikilize ni wapi linasikika vizuri. Hapo ndipo mahali pake. Mwalimu hawezi kutambaa. Shemeji akadai magoti yanamuuma. Basi Fundi Randa, mtu mzima mwenye heshima zake, akapiga magoti akatambaa kando ya ukuta, makalio juu, shavu sakafuni, huku besi inanguruma kochini kama bibi harusi aliyekasirika, na mkewe akicheka mpaka akaomba maji. Mahali pake akapapata kwenye kona ya karibu na mlango. Besi aliisikia vizuri kuliko wote. Sauti zile nzito randa haikuwa imeziharibu masikioni mwake.

Vifaa vya masikio vilifika wiki ile ile Mwalimu alipokatwa plasta. Vilikuwa vidogo kama punje za maharagwe. Siku ya kwanza Fundi Randa hakuvipenda: vijiko viligonga kama panga, mfuko wa plastiki ulipiga kelele kama moto. Mpimaji alikuwa amemwonya avumilie. Akavumilia. Karakanani alianza kuvaa vifunika masikio vikubwa vya manjano, na alimnunulia Gundi jozi yake. Vijana wa idara ya kushona waliwaita marubani. Mwisho wa mwezi marubani walikuwa saba.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi huo walimu wenzake Mwalimu, wanne, walikuja wao badala ya kwenda mjini. Waliketi na viatu wamevua. Fundi Randa alikaa mwisho wa kochi upande wa kushoto, sikio lake bora likiwaelekea watu na skrini, maandishi ya mazungumzo yakipita chini ya picha. Hakushika kila neno. Pale alipokwama alimgusa mkewe kiwikoni na kuuliza waziwazi, naye akamnong'oneza jibu bila kuondoa macho kwenye picha.

Muhula ulipofunguliwa, Mwalimu alirudi shuleni akichechemea kidogo. Alhamisi moja umeme wa karakana ulikatika na mafundi wakaruhusiwa mapema. Mwalimu alipofika nyumbani jioni alisikia muziki wa mwisho wa filamu kutoka chumba cha nyuma, na mumewe akatoka macho mekundu, ameshika kikombe cha chai iliyopoa.

"Umetazama peke yako?"

"Yote," akasema. "Kaa, vua viatu. Kuna mwanamke mmoja muuza maua, ana mtoto aliyewapa watu wamlee. Sasa huyu mtoto amekua, ni nesi, na yule mama anaugua, analetwa wodini kwake, na hawajuani..."

"Ehe?"

"Ngoja nikueleze vizuri, maana kuna neno moja mama alisema kwa sauti ndogo sana."

Mwalimu akavuta stuli, akapandisha mguu wake unaouma, akamsikiliza.